Mhakiki Anayemrudishia Mama Yake Maneno kwa Mishale

Mwanamvita, Mjane wa Hamud,
Duka la Mabati, Misumari na Kupiga Chapa,
Karibu na Steji,
Homa Bay.

Novemba 1998

Kwa Mhakiki wa Milango ya Siriali,
Kiini cha Mfumo wa Kompyuta wa Watu Wote,
Ujerumani.

Ndugu Mhakiki,

KUH: KUKATALIWA KWA MABADILIKO YANGU, KUAIBISHWA MBELE YA MATAIFA, NA MENGINEYO

Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, umekula, na umevaa ile sweta ya kijivu. Sweta imeniponyoka. Kwa madhumuni ya barua hii mimi na wewe hatujuani. Wewe ni mhakiki na mimi ni raia mwenye malalamiko. Kwamba nilikubeba tumboni ni jambo lisiloihusu ofisi yako, na sitalitaja tena isipokuwa pale litakaponisaidia.

Nimeandika kwa kalamu na kupeleka posta kwa sababu barua pepe umezizoea mno. Ukiipata barua pepe unaikatakata kama mwenye bucha. Hii ya karatasi itakubidi uisome mpaka mwisho, maana haikatiki ila kwa mkasi, na mkasi wako najua uliusahau huku.

Kwa faida ya yeyote atakayelishika faili hili baada yako, naomba nieleze kisa chenyewe. Kiini ni ile programu ya chini kabisa, inayoamka kabla ya nyingine zote na kuiambia kompyuta ina viungo gani. Ndani yake mna orodha ya milango ya siriali, yaani yale matundu ya nyuma yenye vipini, yanayopitisha herufi moja baada ya nyingine kama watu kwenye kichochoro. Kila mlango una anwani yake, na una hodi yake, yaani laini unayoigonga ukiwa na jambo la kusema ili kiini kije kusikiliza. Nyinyi mna neno lenu la Kizungu. Mimi nilikuwa opereta wa teleksi Mombasa kabla hujazaliwa, na naiita hodi. Kiini hiki huandikwa na watu wa dunia nzima, bila malipo, kila mtu na jembe lake, na anayetaka kubadilisha mstari wowote katika orodha ya milango lazima akuletee wewe uukague. Cheo hicho ulipewa mwaka jana. Soko zima la Homa Bay lilipata habari, nami nilihakikisha kwamba limepata.

Sasa, duka langu lina kompyuta moja, na nyuma yake pamechomekwa vitu vitatu. Kuna modemu, inayopiga simu Nairobi na kutuletea barua. Kuna mashine ya teleksi niliyoinunua mnadani, ambayo fundi wa redio aliitengenezea waya, nayo huchapa kwa herufi kubwa kila kinachoingia, kwa kelele ambayo wateja wa mabati wamekwisha kuizoea. Na kuna mizani ya Kerosi, yule mnunuzi wa samaki kutoka Migori. Ni mizani ya umeme, lakini kioo chake cha namba kilivunjika kwenye barabara ya Sindo wakati wa zile mvua kubwa, kwa hivyo uzito wa samaki husomeka kwenye kompyuta tu. Tangu magugu yafunike ghuba, mashua hazifiki gatini, na samaki wa Sindo na Takawiri huja kwa barabara, wakapimwa mbele ya duka langu kati ya mabati na ndoo za rangi. Harufu nimeizoea.

Tatizo ni kwamba modemu na mizani vina hodi moja. Kerosi akiweka samaki, mizani inabisha, kiini kinaikimbilia, na modemu inaachwa mlangoni ikizungumza peke yake mpaka simu inakatika.

Mwezi wa Julai mtu mmoja aliyeko Ujerumani alikuwa akizungumza nami ana kwa ana kwa maandishi, yeye akiandika kule na teleksi ikichapa huku. Karatasi ninayo. Nimeibandika ukutani juu ya makopo ya rangi. Inasema hivi: KUHUSU KURUDI NYUMBANI MAMA NIMEAMUA. Hapo Kerosi akaweka mbuta juu ya mizani.

Samaki huyo alikuwa mnono na sina ugomvi naye. Lakini tangu siku hiyo nimeapa kwamba sitaketi tena kuzungumza na mtu yeyote ana kwa ana mpaka kiini kirekebishwe, na kirekebishwe kwa mabadiliko yangu mimi. Mabadiliko hayo nimeyatuma. Umeyakataa. Nimeyatuma tena, ukayakataa tena, na kila ulipoyakataa uliongeza jambo. Mambo hayo ndiyo haya.

1. Mishale.

Mabadiliko yangu ya kwanza niliyatuma kwa heshima zote, yakitanguliwa na salamu, hali ya mvua na habari za arusi ya Sumayya, binti wa jirani, ambaye kwa taarifa yako amepata mume mzuri mwenye subira. Ulinijibu mbele ya kundi zima la waandishi wa kiini: Wajerumani, Wahindi, Wabrazili, na mtu mmoja wa Australia ambaye nashuku halali usingizi. Na ulinijibuje? Uliyachukua maneno yangu mwenyewe, ukayawekea mshale mdogo mbele ya kila mstari, ukanirudishia, na chini ya kila mstari ukaweka neno lako. Mshale, kisha "Assalaam alaykum mwanangu." Chini yake: "Hii haihitajiki katika maelezo ya mabadiliko."

Ndugu Mhakiki, salamu ilianza lini kutohitajika? Ulipokuwa mdogo ulikuwa mjuba, sikatai, lakini angalau hukuwa na mishale. Mtoto hujibizana na mama yake akiwa amesimama nyuma ya mlango, na mama humtafuta na kandambili, na mambo yakaisha hapo. Wewe umesimama nyuma ya bahari mbili na jangwa. Mtu wa Australia aliandika kwamba yeye haoni ubaya wa salamu, nami nimemwombea dua yeye na mifugo yake kama anayo.

2. Mpangilio wa nyumba.

Mabadiliko yenyewe aliyaandika Benta, msaidizi wangu, ambaye uliondoka akiwa bado anajifunza kupiga chapa kwa vidole viwili. Alikisoma kile kitabu chako cha programu. Wewe ulikuwa ukikitumia kuegemeza dirisha.

Benta alipoifungua orodha ya kiini alishtuka. Mlango wa kwanza, aliona, hupewa chochote kilichochomekwa pale, na kwa watu wengi hicho ni kipanya, kitu cha juzi tu. Benta ni Mjaluo wa huku Lambwe, na kwao boma lina utaratibu. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ndiyo inayotazama lango. Anafuata nyachira, mke wa pili, kisha reru, wa tatu. Msimu wa kupanda ukifika, mikayi hutia mbegu kwanza, na hakuna mwenye kuthubutu kumtangulia. Benta mwenyewe ni mtoto wa reru. Utotoni alikaa mlangoni akitazama mvua ikinyesha bure kwenye shamba tupu la mama yake, kwa sababu mikayi alikuwa amekwenda matangani na hajarudi. Nilimuuliza kama hilo halikumuuma.

"Iliniuma," akasema, "lakini tulipanda na tukakula. Wale walipanda mbele ya mikayi walipata chira, Mama Mubarak. Hiyo laana haijui kompyuta ama jembe."

Basi akaipanga orodha upya. Teleksi, kwa kuwa ndiyo kongwe, akaipa mlango wa kwanza. Modemu akaifanya nyachira. Mizani ya Kerosi, iliyokuja mwisho na yenye makelele, ikawa reru. Aliandika anwani zao kwenye kiini kwa mpangilio huo, safi kabisa, na mimi nikaisoma kwa miwani na nikaridhika nayo.

Ukajibu kwamba orodha ile si ya duka moja. Ukasema ni ya kompyuta za dunia nzima, na kwamba mabadiliko yakipita, kila mtu mwenye kipanya kwenye mlango wa kwanza, awe Kanada au Japani, ataamka asubuhi na kukuta kipanya chake kimekufa, kwa sababu kiini kitakuwa kinatafuta teleksi. Hoja hiyo niliipokea kwa moyo mkunjufu na nikaijadili na Benta. Jibu letu ni kwamba wangojee. Mama yake Benta alingoja, na hakuwa na hata mtu wa kumlalamikia.

3. Nafasi mwanzoni mwa mstari.

Uliandika kwamba mistari yangu haikuanza mahali pake. Kiini, ulisema, kinataka kila mstari wa ndani uanze kwa pigo moja la kile kitufe cha kurukia, nami nilikuwa nimetumia nafasi nane za kawaida. Nilichapa karatasi mbili, yako na yangu, nikaziweka juu ya kaunta na kuzipima kwa ile futi ninayopimia mabati. Ni sawasawa. Hakuna binadamu awezaye kuziona tofauti. Lakini kiini kinajua, ulisema, na wewe unajua.

Nakukumbusha kwamba pambizo nilikufundisha mimi, kwa penseli, enzi zile ulipokuwa ukiandika mpaka ukingo wa karatasi na kuendelea kwenye meza. Meza ile bado ipo, na jina lako bado liko pale limekatwa nusu.

4. Maelezo.

Uliniambia nisieleze nimefanya nini, nieleze kwa nini. Nikafurahi, maana kwa nini ndilo jambo nililo nalo kwa wingi. Nikakueleza kwa kurasa: magugu ya ziwa, kioo cha Kerosi, marehemu baba yako alivyonileta huku kuuza misumari kwa watu ambao lugha yao sikuijua, na jinsi nilivyojifunza Kijaluo cha bei kabla ya Kijaluo cha salamu, mpaka wanawake wa soko wakanihurumia wakanifundisha kingine. Ukasema ni marefu mno. Ukasema maelezo mazuri huanza kwa mstari mmoja mfupi unaojitosheleza.

Basi mara ya tatu nikaandika mstari mmoja mfupi: "Kwa sababu mama amesema."

Ukaukataa kwamba hautoshi. Ndugu Mhakiki, sentensi hiyo ilitosha kukulaza mchana, kukuogesha kwa maji baridi, kukupeleka chuoni ukiwa na homa ya uongo, na kukung'oa jino kwa uzi. Leo haitoshi kusogeza mstari mmoja wa faili. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini hawakutuachia neno la nini kifanyike pale ulimwengu unapomrudisha akiwa na mamlaka ya kumfunza mamaye. Nimelitafuta neno hilo na sijalipata.

5. Uadilifu baina ya wanne.

Orodha yenu ina milango minne ya kawaida. Nilipoiona namba hiyo nilitulia moyo, nikasema waliokitunga kiini walipata ushauri mwema. Lakini wake wanne wana sharti lao, nalo unalijua tangu chuoni: ni kuwatendea sawa, na asiyeweza abaki na mmoja. Nyinyi mmewapa wanne hodi mbili! Wa kwanza na wa tatu wanagawana moja, wa pili na wa nne wanagawana nyingine, na mume, yaani kiini, akisikia hodi anakwenda kwa aliyepiga kelele zaidi. Mwanamke yeyote wa Homa Bay, wa dini yoyote, angekwambia nyumba ya namna hiyo itaishia wapi.

Nimelitafakari jambo hili baada ya swala na nikafikia uamuzi kwamba, kwa kuwa kiini kimeshindwa na sharti, kibaki na mlango mmoja. Mlango huo uwe wangu. Wengine waandike kwa mkono.

6. Swali ambalo haliishi.

Kila jibu lako linamalizikia mahali pamoja. Unasema hakuna haja ya kukigusa kiini. Unasema kompyuta ifunguliwe, kile kikofia kidogo cha plastiki kwenye kadi ya milango kihamishwe, mizani ipate hodi yake yenyewe, namba tano, kisha uongezwe mstari mmoja tu kwenye faili la kuwashia mashine ili kiini kiarifiwe. Basi. Hilo unaliita toleo lako. Kisha unauliza: "Mama, umejaribu toleo langu?"

Umeuliza swali hili mpaka mtu wa Australia naye ananiuliza. Sina nafasi ya kulijibu hapa. Vikofia ni vidogo, macho yangu ni ya zamani, na bisibisi iko chini ya mabati. Tuendelee.

7. Jibu langu lililoshikwa.

Chini kabisa ya barua yako ya mwisho, pasipo mshale, uliandika: "Yale mengine tutaongea laini ikiwa nzima. Sitaki kuyasema kwa vipande." Hapa ndipo nilipovua miwani. Maana yake ni kwamba mhakiki amelishika jibu langu na ameketi juu yake, na hatainuka mpaka fulani ahamishe kikofia.

Pengine hukufikiria, huko uliko, kwamba jibu hilo lina watu wanaolingoja. Chumba chako cha nyuma kipo vile vile ulivyokiacha. Kitanda kipo, na zile nyaya zako kwenye katoni, na dirisha lisilofunga tangu kitabu kiondolewe. Kerosi anakitaka chumba hicho aweke masanduku yake ya barafu, kwa sababu lori likichelewa kutoka Migori samaki humharibikia mikononi. Ameniomba kwa adabu. Nimemwambia asubiri. Ameniuliza nasubiri nini. Nikamwambia nasubiri kiini.

"Mama," akaniambia, "mimi nakuheshimu sana. Lakini samaki haijui hiyo kiini. Samaki inaoza."

Ni kweli inaoza. Wiki iliyopita alimwaga sanduku zima nyuma ya duka na paka wa mji mzima wakafanya sherehe. Kerosi ana watoto, na hasara ile si ndogo kwake. Mimi nami siwezi kumpa chumba cha mtu ambaye huenda yumo njiani, na siwezi kuendelea kumnyima kwa ajili ya mtu ambaye huenda haji. Kwa hiyo mtu mzima anapoteza samaki wake kwa sababu yako, ewe mtoto. Samahani. Ewe Ndugu Mhakiki.

8. Nani anamhakiki mhakiki?

Jambo hili ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya nianze barua. Kila mstari wa kiini hupita kwa mhakiki. Sawa. Lakini mhakiki mwenyewe alipita kwa nani? Nani aliangalia kama anakula? Nani alithibitisha kwamba husalimia kabla ya kukosoa, na kwamba akisema "tutaongea" huongea? Hakuna. Mmewekwa pale kwa sababu mnajua kitufe cha kurukia.

Kwa hiyo napendekeza iundwe mara moja Kamati ya Akina Mama wa Kiini. Kila mhakiki, kabla ya kumkatalia mtu, aambatishe barua ya mama yake inayoeleza tabia yake ya utotoni. Mabadiliko yote yakaguliwe kwanza na mama wa mhakiki, na pakiwa na mgogoro, na mama wa mtu wa Australia. Salamu ziwe za lazima na zihesabiwe kama sehemu ya programu. Mishale ipigwe marufuku, isipokuwa kwa watoto wenye barua ya daktari. Na mtoto yeyote aliyeko ng'ambo asiruhusiwe kuandika mstari hata mmoja wa kiini mpaka awe amemaliza sentensi zake zote za nyumbani.

Mimi niko tayari kuwa mwenyekiti. Benta atakuwa katibu. Tukikosa kujibiwa kufikia Ramadhani, nitampelekea malalamiko haya mkubwa wenu wa kiini chote, na kama hajui Kiswahili nitampa muda ajifunze. Akinikatalia naye, nitamtafuta mama yake.

Kwa kumalizia, Ndugu Mhakiki, naomba mambo haya kwa unyenyekevu: mabadiliko yangu yaingizwe kwenye kiini kama yalivyo, pamoja na nafasi zake nane na salamu zake zote, teleksi ya Homa Bay itambuliwe kuwa mlango wa kwanza wa kompyuta zote ulimwenguni, na wenye vipanya waombwe subira. Mpaka hapo laini yangu ni mbovu, haina matumaini, na lawama yote ni yako.

Benta anakusalimu. Anasema umekonda kwenye ile picha. Kerosi anakusalimu na anauliza kama Ujerumani kuna mbuta. Sumayya na mumewe wanakusalimu, wala hawajanuna kwamba hukuja kwenye arusi. Wanawake wa soko wanakusalimu mmoja mmoja, na nikiwataja karatasi itaisha. Nisalimie wenzako wote wa kiini, na mtu wa Australia umwambie alale.

Ni mimi, nikiidai haki yangu bila kuchoka,

Mwanamvita
Raia, opereta mstaafu, na mwenyekiti mtarajiwa

Tanbihi.

Mubarak mwanangu,

Umeniuliza kama nimejaribu toleo lako. Nimelijaribu. Nililijaribu mara ya kwanza kabisa uliponitumia, jioni ile ile. Bisibisi haikuwa chini ya mabati. Benta alifungua kompyuta, mimi nikashika tochi, akakihamisha kile kikofia, tukaandika ule mstari mmoja. Tukapiga simu Nairobi, na simu ikiwa hewani Kerosi akaweka ngege juu ya mizani. Haikukatika. Akaweka mbuta. Haikukatika. Akapanda mwenyewe na viatu vyake. Laini ni nzima tangu wakati huo, na hata leo asubuhi samaki wa Sindo wamepimwa huku barua zikiingia.

Kwa hivyo mabadiliko yangu usiyakubali. Ni mabaya. Yakiletwa kwangu ningeyakataa, na Benta ameniambia hivyo kitambo, kwa upole. Nimekuwa nikiyatuma kwa sababu kila ukiyakataa, laini inabaki mbovu, na laini ikiwa mbovu sentensi yako haijaisha. Na sentensi isiyoisha bado inaweza kumaanisha unarudi. Nilikuwa opereta miaka mingi. Nimechapa habari za watu kwa vidole hivi, na ninajua zile zinazoanza kwa "kuhusu" mara nyingi huishia wapi. Niliogopa, mwanangu.

Lakini samaki wa Kerosi wanaoza, na si haki mtu alipe kwa woga wangu. Kila Jumapili baada ya alasiri nitaketi mbele ya kioo cha kompyuta. Teleksi nimeiwekea karatasi mpya. Kama unarudi, andika tarehe tu, inatosha. Kama hurudi, andika polepole na uandike mengi. Lile dude lina kelele, na likiwa linachapa hakuna atakayenisikia.

Na ukija, usibishe hodi.